Swali la Jumapili na Ng'ombe wa Bot Chebet

Mwezi uliopita nilipelekwa arusini Kapsoit, na nyuma ya jiko la wapishi nikakuta kuni mbichi zimeegemezwa kando ya moto ili zikauke. Magome yalikuwa yakitoa povu na mvuke, na harufu yake, kali kidogo, tamu kidogo, ikanishika puani. Nilisimama pale na sahani mkononi mpaka mjukuu wangu akaja kuniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekumbuka banda la boila la kiwanda cha chai ambako baba yangu alifanya kazi, na Jumapili moja ambayo sijawahi kuisimulia yote kwa mtu.

Ninyi wa rika langu, mliolelewa katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, mnaikumbuka mvua ya Kericho. Asubuhi ungeanika nguo kwenye ua, na jua likawa kali hata ukasahau. Saa nane mawingu yanashuka kutoka upande wa msitu, na saa tisa hakuna anayemsikia mwenzake kwa kelele ya mvua. Nyumba zetu za duara zilijaa moshi siku kama hizo. Banda la boila ndilo lilikuwa mahali pakavu. Lilikuwa paa la mabati tu, bila kuta, na chini yake kuni zimepangwa hata zikafanya kama vyumba. Jumapili mashine zilinyamaza, lakini moto haukuachwa uzime kabisa, kwa hiyo mwasha moto, arap Koech, alikuwepo. Watu walikuja kwake kuota moto. Wakishakaa juu ya magogo, yeye aliuliza kama kuna mtu aliyekuja na swali.

Tuliuita mkutano huo hivyo tu, Swali. "Unaenda Swali leo?" watu waliulizana baada ya ibada. Arap Koech hakuwa mzee. Alikuwa Mkipsigis mrefu, nyusi zake zimeungua kwa kufungua mlango wa tanuri, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia njiani. Kitabu kwake kilikuwa "kitapu", na bwana alikuwa "pwana". Wakati wa vita vya Mjerumani alichukuliwa kubeba mizigo huko Tanganyika pamoja na watu wa kila kabila. Alituambia kwamba jioni, wakingojea uji ambao mara nyingine haukufika, mbebaji mmoja alianza kuuliza maswali ili wenzake wasifikirie matumbo. Siyo vitendawili. Maswali ambayo aliyeuliza mwenyewe hana jibu lake. Arap Koech alirudi nyumbani na makovu mabegani na desturi hiyo.

Sheria zake zilikuwa chache. Jina la mtu halitajwi. Hakuna kucheka jibu la mwenzako. Na hakuna anayesema mara ya pili kabla kila anayetaka kusema hajasema mara moja, awe mwanamume, mwanamke au mtoto. Hilo la mwisho liliwashangaza wengi. Kwa Wakipsigis, mambo ya majirani yaliamuliwa na wanaume katika kokwet, baraza lao la kijiji, na kwetu sisi tuliotoka upande wa ziwa haikuwa tofauti sana. Lakini pale kwenye kuni nilimwona mama yangu akimpinga mtu mmoja mwenye duka mbele ya wanaume arobaini, na mwenye duka akafikiri, akasema, "Hapo umenishika, Mama Dorka."

Dorka ni mimi. Nilikuwa na miaka minane au tisa.

Maswali mengine yalikuwa madogo. Mtu akikuomba chumvi na unayo ya siku moja tu, ukimwambia huna, umedanganya? Ukiota umempiga rafiki yako, na ukaamka umefurahi, umwombe msamaha? Mengine yaliwafuata watu mpaka shambani, na Jumatatu ungewasikia wachumaji wakibishana kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mikono haisimami. Je, mtu anaweza kusamehe kwa niaba ya ndugu yake aliyekufa? Hilo lilichukua Jumapili tatu. Mwenye duka, Bwana Njoroge, aliyetoka upande wa Kiambu na kufungua kiduka cha chumvi na mafuta ya taa karibu na laini, alikuwa mkali wa mabishano kuliko wote. Baba yangu ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. Alifanya kazi kwenye mashine za kusaga majani, alikuwa amesoma misheni miaka minne, na Jumapili nyingi aliketi tu na kusikiliza.

Mimi nilielewa vibaya. Niliamini kwamba Swali ni mahakama. Niliamini kila swali lina mtu aliyejificha ndani yake, kwamba arap Koech anamjua, na jibu likipatikana mtu huyo anafungwa ndani ya tanuri. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona mlango wa chuma, nikaona moto, nikajijibu mwenyewe.

Mwanamke mwingine aliyependa kuja alikuwa Bot Chebet, yaani mama wa Chebet, mjane wa Kipsigis aliyekaa ng'ambo ya kijito. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, Sigor, naye aliishi peke yake na shamba la wimbi na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Kila asubuhi alivuka na kibuyu chake kutuletea maziwa. Yeye na mama yangu walikuwa na maneno machache ya pamoja, lakini waliyatumia yote. Walisalimiana kwa Kikipsigis, wakaulizana habari kwa Kiswahili, kisha kila mmoja akaendelea kwa lugha yake, na mwenzake akaitikia kama vile ameelewa.

Ijumaa moja mama alirudi kutoka upande wa stoo ya shamba akiwa na furaha. Alikuwa ameokota debe tupu kwenye shimo la takataka, zima kabisa, na karatasi yake imebanduka nusu. Debe lilikuwa mali siku zile. Uliteka maji, ulichemsha nguo, hata mlango ulitengeneza kwa debe. Akalipeleka kwenye kivuko cha kijito, akalisugua kwa mchanga na majivu, ndani na nje, mpaka likang'aa. Maji ya kuoshea aliyamwaga kando, kwenye kishimo cha udongo, kwa sababu hakutaka kuchafua kijito ambacho watu wa chini walikunywa. Hilo nataka likumbukwe. Alimwaga pale kwa sababu alikuwa mwangalifu.

Alasiri hiyo hiyo ng'ombe wa Bot Chebet alivuka akaingia kwenye mboga zetu. Mimi ndiye niliyeachwa kuzilinda. Nikaokota jiwe, nikamtupia kwa nguvu zangu zote, likampiga mbavuni, na mlio wake ulikuwa kama mtu amepiga ngoma iliyolowa. Ng'ombe alinitazama, akageuka polepole, akaenda zake kuelekea kivukoni.

Baba alipotoka kazini jioni alilikuta debe mlangoni. Aliligeuza, akasoma herufi zilizogongwa kwenye kitako. Niliona uso wake ukibadilika.

"Umeliosha wapi?" aliuliza.

"Kijitoni. Kwani lina nini?"

"Maji yake umemwaga wapi?"

"Kwenye kile kishimo, kando ya kivuko. Nimekuuliza, lina nini?"

Baba aliliweka debe chini. "Lilikuwa la rangi," alisema. "Rangi haitoki. Itaharibu maji." Akachukua jembe na debe, akatoka. Aliporudi hakuwa na debe, na jembe lilikuwa na udongo wa kijitoni. Mama alinuna usiku kucha kwa ajili ya debe lake. Alikuwa anajikuna mikono.

Asubuhi ng'ombe wa Bot Chebet alikutwa amekufa ng'ambo ya kivuko, miguu imenyooka. Watu walikuja na visu, maana nyama haiachwi. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akipaza sauti, alisimama mbele ya mzoga akapiga kelele kwamba huo ni ugonjwa wa kimeta, atakayekula atakufa. Alisema mpaka wakamwamini. Wakachimba shimo, wakamfukia ng'ombe, ngozi na yote. Bot Chebet alikaa chini kando ya shimo, kibuyu bado kiko begani.

Mimi nilikuwa nyuma ya mama yangu. Nilijua kwamba siyo kimeta. Nilijua ni jiwe.

Mambo hayakuishia hapo. Siku zilipita na hakuna ng'ombe mwingine aliyekufa, wala upande wa Bot Chebet wala kati ya maksai wa shamba. "Ni ugonjwa gani huo unaochagua ng'ombe mmoja?" Bot Chebet aliuliza. Shemeji yake, arap Tonui, alikuwa amemtaka ng'ombe yule baada ya ndugu yake kufa, na Bot Chebet alikuwa amekataa. Sasa alisema waziwazi kwamba arap Tonui amemwua. Arap Tonui alikana. Kokwet ikapanga kukaa siku ya Jumanne, na neno likaenea kwamba atatakiwa kula kiapo. Kiapo cha Wakipsigis kilikuwa kinaogopwa hata na asiye na kosa, kwa kuwa kilisemekana kuwagusa watoto. Arap Tonui alikuwa na watoto sita. Mkewe alianza kuwapeleka mmoja mmoja kwa ndugu zake Londiani, kama mtu anayetoa vyombo ndani ya nyumba inayoungua.

Jumapili ya kwanza arap Koech hakuitisha Swali, kwa heshima ya msiba ule. Jumapili ya pili, siku ya tisa tangu jiwe langu, mvua ilianza mapema, na watu wakajaa bandani. Bot Chebet alikuja pia. Mama alimpisha kwenye gogo la karibu na moto, wakakaa bega kwa bega.

"Kuna mtu amekuja na swali?" arap Koech aliuliza.

Baba yangu akasimama. Watu waligeuka, kwa kuwa hawakuwa wamezoea. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kuna mtu," alisema, "amefanya jambo lililomdhuru jirani yake. Alifanya bila kujua, na mpaka leo hajui. Anayejua ni mtu mmoja tu, na mtu huyo anampenda. Je, amwambie? Ama amwachie amani yake?"

 Alikuwa anazungumza juu yangu. Nani mwingine aliyenipenda na ambaye angejua? Pengine aliliona jiwe. Nikautazama mlango wa tanuri.

Bwana Njoroge hakungoja. "Amwachie," alisema. "Jambo limekwisha kutendeka. Ukimwambia, hulirudishi. Badala ya mtu mmoja mwenye kilio sasa una wawili. Hiyo ni faida gani?"

Mchumaji mmoja kijana alisema kosa ni kama mwiba. Uko mguuni hata kama hujauona. Mwanamke mmoja alisema inategemea kama mtu mwenyewe ni mjamzito au mgonjwa, na wengine wakakubali kwa vichwa. Halafu Bot Chebet akasema, kwa Kikipsigis, na arap Koech akatafsiri.

"Anasema kama mtu hakujua, hana kosa. Anasema huzuni iko nyingi, hakuna haja ya kumpelekea mtu nyingine nyumbani kwake. Mwacheni, anasema."

Baba aliinua macho akamtazama Bot Chebet. Nimejaribu mara nyingi, katika maisha yangu, kukipa jina kile nilichokiona usoni mwa baba wakati ule. Alikuwa kama mtu aliyepewa maji na akaogopa kuyanywa.

Arap Koech alitia gogo kwenye moto, akafunga mlango wa tanuri. "Mimi nauliza kitu kidogo," alisema. "Kama hakuna mtu mwingine anayelaumiwa, labda. Lakini kama kuna mtu mwingine amesimamishwa mahali pa yule asiyejua? Hiyo amani ni ya nani, na nani anailipia?"

 Nafikiri hata yeye hakuwa anajua alichokuwa anakigusa. Alikuwa anafikiri tu, kama alivyofanya kila Jumapili.

Mama yangu akasema, bila kusimama. "Mimi, kama ningekuwa mimi, nataka kuambiwa. Mimi siyo mtoto wa kufichwa. Nikikanyaga mtu gizani, uniambie nimekanyaga mtu, nitoe mguu."

 Na mimi sikuweza tena. Nilikuwa nimebeba lile jiwe siku tisa, na sasa mama yangu mwenyewe alikuwa amesema ukweli uletwe. Nikapanda juu ya gogo ili nionekane.

"Ni mimi!" nilisema. "Ni mimi nilimwua ng'ombe wa Bot Chebet. Nilimpiga jiwe hapa, mbavuni, alipokula mboga. Msimwapishe arap Tonui. Ni mimi."

Nikaanza kulia kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Arap Koech alitafsiri maneno yangu kwa sauti ya chini, neno kwa neno, na Bot Chebet akanitazama na macho makubwa. Mama alikuwa amesimama. Lakini baba alikuwa amenifikia kwanza. Alipiga magoti kwenye maganda ya kuni na vumbi la makaa, akanishika mabega.

"Siyo wewe," alisema. "Dorka, nisikie. Jiwe haliui ng'ombe. Siyo wewe."

"Ni mimi!"

"Siyo wewe." Akageuka, bado amepiga magoti, na akasema bila kumtazama mtu. "Ni sumu ya kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa ndani ya debe. Niliisoma kwenye kitako siku ileile. Maji ya kuoshea yalimwagwa kwenye kishimo cha kivukoni, na ng'ombe alikunywa. Nilikifukia kishimo, lakini nilichelewa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama yangu alitazama mikono yake. Ngozi ilikuwa inabanduka katikati ya vidole, naye alikuwa ameipaka mafuta siku zote zile akidhani ni sabuni.

"Debe langu," alisema.

"Ndiyo, Mama Dorka."

"Ukaniambia ni rangi."

"Ndiyo."

Nilidhani atamfokea. Badala yake alikwenda akaketi chini, juu ya udongo, mbele ya miguu ya Bot Chebet, na akamwambia. Alisema kwa Kiswahili, halafu kwa maneno machache ya Kikipsigis aliyokuwa nayo, na yalipomwishia akaendelea kwa lugha yetu ya nyumbani. Arap Koech hakutafsiri. Nadhani aliona haihitajiki. Bot Chebet alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua kibuyu chake, akatoka akaenda kwenye mvua.

Nyumbani mama alimgeukia baba. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa namsalimia huyo mwanamke, namkalisha karibu na moto, namwambia pole. Na wewe unanitazama."

"Sikutaka uumie."

"Nani alikutuma?"

 Kulipokucha Jumanne baba aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la ibada, na wote watatu tukavuka kijito tukapanda kilima kwenda kwenye kokwet, na arap Koech pamoja nasi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majani. Arap Tonui alikaa peke yake mbele yao, mwembamba, macho mekundu. Wazee walishangaa mwanamke mgeni aseme katika baraza lao, na mmoja akasema mumewe atoshe. Mama alisema, "Mume wangu hakuosha lile debe." Arap Koech alilitafsiri hilo taratibu, akikaza kila neno, na wakamwacha aseme.

Alisema kwa kifupi, mgongo umenyooka. Alisema alichokifanya na alipokifanyia. Alisema arap Tonui hana kosa. Sikuwahi kumwona mtu akisimama hivyo tena, ingawa nimewaona wakubwa wengi wakihutubia. Arap Tonui aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti na mabega yake yakatikisika.

Wazee walishauriana. Walikuwa wanaelekea kusema kwamba baba alete ng'ombe, na baba alikuwa tayari, ingawa ng'ombe wetu pekee alikuwa kwa mjomba huko ziwani. Ndipo Bot Chebet, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, akasema bila kuombwa. Arap Koech alitutafsiria, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo.

"Anasema, hataki ng'ombe kwa mtu aliyekuwa anaosha chombo chake. Anasema ana hasira, na hasira hiyo ni kubwa. Anataka huyu mama aje shambani kwake, wapalilie wimbi pamoja, ili awe anamtazama mpaka hasira iishe."

Mama akasema, "Nitakuja kesho."

Alikwenda kesho, na keshokutwa, na wiki nyingi. Siku nyingine nilimfuata. Walipalilia kila mmoja mstari wake, kimya kabisa, na Bot Chebet kila mara alisimama, akaegemea jembe lake, akamtazama mama. Mama hakukwepa macho. Alingoja mpaka Bot Chebet amalize kutazama, kisha wakaendelea. Niliona ni adhabu ya ajabu, na nikiwa mtoto nilifikiri ni nyepesi. Sasa mimi mwenyewe ni mama na bibi, na sijui kama ningeweza kuistahimili asubuhi moja.

Katikati ya siku hizo Bot Chebet aliniita mimi. Aliniuliza kwa ishara nilimpiga ng'ombe wapi. Nikamwonyesha mbavuni kwangu. Akafikiri, akasema kwa Kiswahili chake, "Mpoga yako alikula?" Nikamwambia ndiyo, karibu zote. "Alikuwa mwizi sana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu, kisha akafunika uso na nguo yake akalia.

Hasira iliisha siku ambayo mama hakuweza kushika jembe. Ngozi ya viganja ilikuwa imepasuka na inatoa damu. Bot Chebet aliiona, akatupa jembe lake chini, akamvuta mama mpaka ndani ya nyumba, akamkalisha karibu na jiko, na akampaka samli kidole kimoja kimoja, akinung'unika kama anayemgombeza mtoto. Hiyo samli nasikia ilikuwa ya mwisho kutoka kwa yule ng'ombe. Mama hakuijua habari hiyo mpaka baadaye, alipoambiwa na arap Koech.

Siku chache baadaye Bot Chebet alifanya jambo ambalo lilimgharimu zaidi. Alikwenda kwa arap Tonui. Alikuwa amemchafulia jina mbele ya kijiji kizima, na yeye pia alikuwa amekosa bila kujua. Aliketi mlangoni kwake kutoka asubuhi hadi wakati wa kukamua. Hatimaye arap Tonui akatoka. Alimfungulia ng'ombe mmoja mweusi mwenye maziwa, akampa kamba mkononi, awe anamkamua mpaka ndama wa ng'ombe huyo akue. Watoto sita wakarudi kutoka Londiani.

Tulikaa pale miaka mingine, na Swali liliendelea mpaka boila ya kuni ilipobadilishwa na arap Koech akaenda kwake kulima. Nimekaa katika mikutano mingi tangu wakati huo, ya kanisa, ya shule, ya akina mama, yenye katibu na mwenyekiti. Sijapata mwingine ambao watu waliingia bila jibu na wakatoka wakiwa wamebadilika.

Nilipokuwa mtu mzima, na wazazi wangu wamerudi ziwani kuzeeka, nilimwuliza baba jambo lililonisumbua. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anachambua mahindi ya mbegu. Nilimwuliza kwa nini alilipeleka lile jambo mbele ya watu wote badala ya kumwambia mama chumbani.

Alichambua hindi zima kabla ya kunijibu.

"Nilikuwa nimekwenda kutafuta ruhusa ya kunyamaza," alisema. "Wewe umenisifu miaka yote, na watoto wako umewasimulia. Lakini ukweli ndio huo. Nilitaka wengi waseme, mwachie amani yake. Na mwenye duka alisema. Hata mwenye ng'ombe mwenyewe alisema. Mama yako ndiye aliyeniharibia."

 Kutoka ndani ya nyumba, ambako tulidhani amelala, sauti ya mama ikatujia.

"Nilikuharibia kwa makusudi," alisema. "Siku tisa nilikuwa najikuna, na hukunitazama mikono hata mara moja. Uliposimama na kofia yako nilijua mtu wa swali lako ni mimi. Nililokuwa sijui ni kosa lenyewe."